Kupima na Kurekebisha Alaimenti ya Gari Nyumbani kwa Uzi, Timazi na Futi Kamba

Tairi la mbele lililopinda milimita 3 tu kutoka kwenye mwelekeo wa gari halibiringiki sawasawa. Linabiringika huku linaburuzwa ubavu. Piga hesabu uone. Tairi la gari dogo lina kipenyo cha karibu milimita 600. Likigeuka milimita 3 katika upana huo, kila kilomita moja unayokwenda mpira unasuguliwa kando kwa mita 5. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, safari ya karibu kilomita 190, tairi hilo limeburuzwa ubavu karibu kilomita nzima juu ya lami. Mwenye gari anakuja kushtuka waya zinapoanza kuonekana ukingoni mwa tairi alilonunua juzi.

Kosa hilo la milimita 3 linapimika nyumbani. Hulipimi kwa macho wala kwa kupiga tairi teke. Unalipima kwa futi kamba, uzi na timazi, vifaa alivyonavyo fundi ujenzi yeyote wa mtaani. Mashine ya gereji ina kasi zaidi, na kwa vipimo vingine haina mbadala. Ila kipimo kinachokula matairi kuliko vyote ni kile ambacho mtu mwenye subira na sakafu tambarare anaweza kukipata kwa usahihi wa milimita moja. Gari nitakalolitolea mifano ni Toyota IST ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na sasa imejaa katika barabara zetu, lakini maelezo haya yanafaa pia kwa Vitz na magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

Nini hasa tunapima

Alaimenti, yaani jinsi magurudumu ya gari yalivyoelekezwa, ina vipimo vitatu. Cha kwanza mafundi hukiita tou. Ukiyatazama magurudumu ya mbele kutoka juu, je, yanatazama mbele sawasawa, au yanatazamana kama vidole vya mtu anayetembea miguu ikiingia ndani? Yakitazamana, tutasema yamebana mbele. Yakipeana mgongo, yamepanuka mbele. Magari mengi madogo hutakiwa kuwa kati ya sifuri na kubana milimita 2, lakini kipimo rasmi cha gari lako kimo katika kitabu chake cha ufundi, nacho ndicho cha kufuatwa.

Cha pili ni kemba, yaani mlalo wa tairi unapolitazama kwa mbele: juu limeingia ndani au limetoka nje? Cha tatu ni kasta, mwinamo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia unapokata kona. Kasta ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona.

Nyumbani unaweza kupima tou na kuirekebisha. Kemba utaipima tu, na kwa magari mengi kuirekebisha si kazi ya uani. Kasta iachie mashine.

Matairi yanasema kabla ya futi kamba

Kabla hujashika spana, zima gari na upitishe kiganja juu ya uso wa tairi la mbele, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kiganja kikiteleza vizuri kinapoingia ndani lakini kikakwaruzwa na kingo kali kinapotoka nje, magurudumu yamebana kupita kiasi. Ikiwa kinyume chake, yaani kinakwaruzwa kinapoingia na kuteleza kinapotoka, yamepanuka. Kingo hizo hujitokeza mapema sana, wakati jicho bado linaliona tairi ni zima, kwa hiyo ukaguzi wa kiganja ufanye kila unapojaza upepo.

Tairi lililoliwa ukingo wa ndani peke yake huashiria kupanuka, au kemba iliyolala ndani. Ukingo wa nje peke yake ni kubana, au kemba iliyolala nje. Tairi lililoisha katikati lilijazwa upepo kupita kiasi, na lililoisha kingo zote mbili lilikuwa na upepo mdogo. Haya mawili ya mwisho hayana uhusiano na alaimenti hata kidogo.

Usukani unaotetemeka gari likifika kilomita 80 au 100 kwa saa mara nyingi ni suala la balansi ya matairi, yaani uzito usiolingana kuzunguka gurudumu. Watu wengi hulipia alaimenti kwa ajili ya mtetemo huo, kisha wanarudi nyumbani nao ukiwa vilevile.

Gari linalovuta upande mmoja nalo lichunguze kwa utulivu. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatoke. Gari zima kabisa litaelea kushoto taratibu ukiuachia usukani. Hilo ni jambo la kawaida. Likivuta kwa nguvu, badilisha kwanza matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, ilimradi hayana mshale wa mwelekeo ubavuni. Mvuto ukihamia upande wa pili, mgonjwa ni tairi. Gusa pia rimu baada ya safari fupi: upande mmoja ukiwa wa moto kupita mwingine, breki yake imeng'ang'ania, na hakuna alaimenti itakayoitibu.

Kagua vyuma, hata kama una haraka

Hapa ndipo kazi nyingi za alaimenti zinapoharibika, za nyumbani na za gereji pia. Tairodi ni fimbo inayoligeuza gurudumu unapozungusha usukani, na tairodi endi ni kiungo chake cha upande wa gurudumu. Kama tairodi endi imelegea, gurudumu litakaa popote barabara inapolisukuma, na kipimo ulichokipata gari likiwa limesimama hakitadumu hata hadi barabara kuu. Kulipima gari lenye vyuma vilivyochoka ni kupoteza muda.

Liweke gari mahali tambarare, vuta handbreki, weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki pale kitabu cha gari kinapoelekeza, kisha liketishe juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usitumie matofali ya saruji badala ya stendi. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Shika gurudumu kulia na kushoto kwake, usawa wa saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani, ulitikise. Ukisikia mchezo, mwombe mtu aendelee kutikisa huku wewe ukitazama ndani. Kichwa cha tairodi endi kikicheza, kimekwisha. Kama mchezo unatoka ndani ya kile kiriba cha mpira kilichokunjamana, ni reki endi, kiungo cha ndani kinachoiunga tairodi na reki, yaani chuma kinachosogea kushoto na kulia unapozungusha usukani. Kisha shika juu na chini, utikise tena. Mchezo hapo huwa wa boljointi, kiungo kinacholiunga gurudumu na mkono wa chini, au wa beringi. Beringi hujulikana pia kwa mngurumo unapolizungusha gurudumu kwa mkono.

Angalia bushi, yaani mipira ya kuungia, za mkono wa chini, kile chuma kinacholishikilia gurudumu kwa chini. Zikiwa zimechanika au zimeachana na chuma, gurudumu hurudi nyuma kila unapokanyaga breki, na tou hubadilika hapohapo. Chuma cha bei ndogo kama bushi kinaweza kuharibu matairi mawili. Chunguza pia shokapu kama imepinda au inavuja mafuta, hasa kama gari liliwahi kuingia shimoni kwa kishindo au kugonga ukingo wa barabara.

Kilichochoka kibadilishe kwanza. Halafu ndipo upime.

Vifaa

Futi kamba nzuri isiyolegea kwenye kile kiguu cha mwanzo, na rula ya chuma. Timazi, au nati nzito iliyofungwa kwenye uzi. Mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu ni mwembamba kiasi cha kusomeka vizuri juu ya rula. Vitu vinne vya kusimamishia mshipi: stendi, au ndoo zilizojazwa mchanga. Chaki, msumari mrefu wenye ncha kali, utepe wa kubandika, kalamu na daftari. Spana za namba 12 hadi 22, kwani lokinati za tairodi, yaani nati zinazoifunga tairodi isizunguke, hutofautiana kwa aina ya gari. Plaizi, brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu. Mwisho, vigae vinane vya sakafu na grisi kidogo.

Vigae vina kazi kubwa. Gari linaposhuka kutoka kwenye jeki, matairi hung'ang'ania sakafu na kushindwa kujiachia hadi pale yanapokaa kwa kawaida. Kipimo chochote utakachochukua wakati huo ni cha uongo. Paka grisi kati ya vigae viwili, nyuso laini zikitazamana, uviweke chini ya kila tairi. Sasa gurudumu litateleza lenyewe na kutulia pake. Usipokuwa na vigae, kila baada ya kushusha jeki lisukume gari mbele mita mbili tatu, na upime bila kulirudisha nyuma.

Sakafu na maandalizi ya gari

Sakafu ya saruji inafaa, hata kama si kamilifu. Tumia mpira mwangavu wa maji, ule wanaoutumia waashi kusawazisha msingi, kulinganisha sehemu nne ambapo matairi yatakaa. Palipo chini paongezee kigae au kipande cha mbao ngumu hadi pande zote zilingane ndani ya milimita 2 au 3. Kwa tou, kasoro ndogo ya sakafu haina madhara makubwa. Kwa kemba ina madhara, kwa hiyo kama utapima vyote viwili usiruke hatua hii.

Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yakiwa ya baridi. Toa mizigo yote. Tairi la akiba libaki mahali pake. Ndani ya gari asikae mtu.

Usukani uwe katikati

Gari likiwa linaunguruma, zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha uhesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Rudi nusu ya hesabu hiyo. Hapo reki iko katikati yake ya kweli. Tazama usukani: ukiwa umekaa sawa, vizuri. Ukiwa umelala upande, ama tairodi hazilingani urefu, au kuna mtu aliwahi kuuchomoa usukani na kuurudisha vibaya.

Bandika utepe juu ya usukani na mwingine kwenye kifuniko kilicho nyuma yake, kisha chora mstari mmoja unaopita juu ya zote mbili. Ufunge usukani kwa kamba ili usisogee, zima gari, toa ufunguo.

Kupima tou

Inua gurudumu moja la mbele hadi lizunguke bila kugusa chini. Gia iwe N, handbreki ibaki imevutwa na kabari ziwe pale pale. Paka chaki katikati ya uso wa tairi, mzunguko mzima. Simamisha msumari juu ya kitu kizito kisichotikisika, ncha yake iguse chaki, kisha mtu alizungushe gurudumu polepole. Ncha itachora mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Mstari huu ni wa kweli hata kama rimu imepinda kidogo, kwa sababu umechorwa na mzunguko wenyewe. Hakikisha mwisho wake umekutana na mwanzo wake. Kama havikukutana, msumari ulisogea. Futa, uchore upya.

Fanya hivyo kwa gurudumu la pili. Weka vigae vyenye grisi chini ya matairi, shusha gari, bonyeza boneti kwa mikono mara kadhaa ili springi zitulie.

Sasa chukua timazi. Nyuma ya tairi la kushoto, kwenye usawa wa katikati ya gurudumu, gusisha uzi kwenye mstari uliochora na uache timazi itulie karibu na sakafu. Weka alama chini, juu ya kipande cha utepe. Fanya vilevile mbele ya tairi hilo, kisha rudia upande wa kulia. Utakuwa na alama nne sakafuni: mbili mbele ya matairi na mbili nyuma yake. Faida ya kuzishusha sakafuni ni kwamba injini haikuzuii tena. Futi kamba inapita chini ya gari bila kugusa kitu.

Pima kutoka alama ya nyuma kushoto hadi ya nyuma kulia. Pima za mbele. Usianzie kwenye kile kiguu cha futi kamba. Anzia kwenye sentimita 10 na uzitoe baadaye, kwa sababu kiguu huchezacheza. Rudia kila kipimo. Vikitofautiana zaidi ya milimita moja, chukua tena.

Toa cha mbele kutoka cha nyuma. Nyuma ikiwa kubwa, yamebana. Mbele ikiwa kubwa, yamepanuka. Tuseme nyuma umepata milimita 1,447 na mbele 1,455. Gari limepanuka milimita 8, na hapo huna haja ya kuuliza kwa nini matairi yanaisha ndani.

Kama kitabu cha gari kinatoa tou kwa digrii, kumbuka kwamba kwa tairi la milimita 600, milimita 1 ni karibu digrii 0.1.

Uzi wa pembeni

Kipimo cha kwanza kinakwambia magurudumu mawili yanahusianaje. Hakikwambii yanahusianaje na gari. Ndiyo maana unaweza kuwa na tou nzuri na usukani bado ukakaa mshazari. Hapa ndipo mshipi unapofanya kazi.

Nyosha mshipi mmoja kila upande wa gari, kwenye usawa wa katikati ya magurudumu, kutoka mbele ya bampa hadi nyuma yake. Uvute ukaze. Kisha sogeza stendi kidogo kidogo hadi masharti matatu yatimie: umbali kutoka mshipi hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ulingane kushoto na kulia, umbali hadi habu za mbele ulingane kushoto na kulia, na nafasi kati ya mishipi miwili iwe ileile mbele ya gari na nyuma ya gari. Usijaribu kuulinganisha umbali wa habu ya mbele na wa nyuma. Magari mengi yana upana tofauti kidogo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na anayelazimisha namba hizo zilingane anaupindisha uzi wake mwenyewe bila kujua. Zoezi hili linachosha, lakini ukiliharakisha kila kitakachofuata kitakuwa kosa.

Ukishamaliza, usiguse mshipi. Kwa rula, pima kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na mshipi, gurudumu hilo limebana. Ukiwa karibu zaidi, limepanuka. Andika magurudumu yote manne.

Soma ya nyuma kwanza. IST inayovutwa na magurudumu ya mbele ina ekseli ya nyuma isiyo na sehemu ya kurekebisha, kwa hiyo namba zake za kushoto na kulia zinapaswa kukaribiana. Ukikuta kushoto limebana milimita 3 na kulia limepanuka milimita 3, ekseli nzima inatazama kulia. Gari la namna hiyo litakulazimisha kuushika usukani ukiwa umegeuka hata kama mbele umepima kwa ustadi. Bushi za ekseli zimekufa, au ekseli imepinda. Simama hapo, lipeleke kwa fundi wa chasisi.

Kumbuka pia kwamba sasa umepima kwenye rimu. Rimu ya inchi 15 ina karibu milimita 415 ukingo hadi ukingo, kwa hiyo milimita 2 kwenye rimu ni karibu milimita 3 kwenye uso wa tairi. Usizichanganye namba hizi mbili daftarini.

Kemba kwa timazi

Shikiza uzi wa timazi kwenye fenda ili uning'inie mbele ya katikati ya gurudumu. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, na hadi ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 7 ni karibu digrii 1. Linganisha kushoto na kulia, maana kilicho muhimu zaidi ni pande mbili kukubaliana. Zikitofautiana kwa milimita 4 au zaidi, gari litaelekea kuvuta, na kuna chuma kilichopinda au bushi iliyokwisha. Tafuta chanzo kabla ya mtu yeyote kukushauri kutanua matundu ya boliti za shokapu kwa grainda. Gari lililofanyiwa hivyo halitashika kipimo.

Kurekebisha

Safisha nyuzi za tairodi kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha yapenye. Weka alama ya rangi juu ya tairodi ili uweze kuhesabu mizunguko. Tazama pia nyuzi zinazoonekana nje ya lokinati, kushoto na kulia. Zinapaswa kukaribiana. Upande mmoja ukiwa umetoka nje sana, usiendelee kuutoa, kwani nyuzi zilizobaki ndani ndizo zinazokushikia gurudumu.

Shika tairodi endi kwa spana moja isizunguke, legeza lokinati kwa nyingine. Toa klipu ndogo inayobana kiriba cha mpira kwenye tairodi. Ukiisahau, kiriba kitajisokota na kupasuka, mchanga uingie, na mwaka haujaisha unanunua reki endi.

Sasa mwelekeo. Katika IST na wenzake, reki iko nyuma ya mstari wa ekseli ya mbele. Ukirefusha tairodi, nyuma ya gurudumu inasukumwa nje na mbele inaingia ndani: umebana. Ukifupisha, umepanua. Kwa gari ambalo reki iko mbele ya ekseli, mambo ni kinyume. Chungulia uhakikishe kabla hujageuza.

Geuza pande zote mbili kwa kiasi sawa. Nyuzi za milimita 1.5 ni za kawaida, na kwa hizo robo ya mzunguko katika upande mmoja hubadilisha tou kwa karibu milimita 1.5 hadi 2. Gari letu la mfano limepanuka milimita 8 na tunataka libane milimita 1. Refusha kila tairodi nusu mzunguko. Bonyeza boneti, shusha timazi, pima upya. Umepata nyuma 1,450 na mbele 1,451? Imebaki milimita 1 ya kupanuka. Ongeza sehemu ya nane ya mzunguko kila upande, upime tena. Mageuzo mawili ya mwanzo yatakufundisha gari lako linabadilika kiasi gani kwa kila robo, na kuanzia hapo hubahatishi.

Usukani ukiwa ulilala upande, huu ndio wakati wake. Kwa gari lenye reki nyuma ya ekseli: kama ukienda moja kwa moja usukani unalala kushoto, fupisha tairodi ya kushoto na urefushe ya kulia kwa kiasi kilekile. Ukilala kulia, fanya kinyume. Kwa kuwa umeongeza upande mmoja ulichopunguza mwingine, tou ya jumla haibadiliki. Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kuuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Usikubali. Ndani ya usukani kuna eabegi, na kosa halisi linabaki chini ya gari likiendelea kula mpira.

Ukifika kipimo, kaza lokinati huku ukiishikilia tairodi endi ikae wima, isielemee upande. Pima tena baada ya kukaza, maana kukaza huweza kuisogeza. Kaza kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, rudisha klipu, hakikisha kiriba hakijajisokota, futa grisi yote iliyogusa matairi.

Barabarani

Chagua barabara tambarare, isiyo na magari mengi. Nenda kilomita 40 kwa saa kwanza, jaribu breki, kata kona taratibu kushoto na kulia. Usukani unapaswa kurudi wenyewe. Kisha nenda 60, ukiushika kwa vidole tu. Ukilala kidogo, andika ni upande gani na kiasi gani, urudi kwenye sehemu ya nane za mzunguko. Marudio moja au mawili ni ya kawaida hata kwa mafundi wenye mashine. Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza yanaweza kuwasha taa kwenye dashibodi baada ya usukani kubadilishwa katikati yake. Hapo sensa ya pembe ya usukani inahitaji kuwekwa sifuri upya kwa kifaa cha fundi umeme.

Magari yenye marekebisho ya magurudumu ya nyuma, kama Mark X na Subaru Forester, pima nyumbani ukitaka kujua hali yake, lakini kurekebisha kufanyike kwenye mashine. Vivyo hivyo gari lililopata ajali, au lililobadilishwa mkono wa chini au shokapu zote mbili. Nenda na daftari lako. Fundi akikupa karatasi ya vipimo vya kabla na baada, vilinganishe na vyako kabla hujaondoka.

Siku ya pili, baada ya gari kutembea, ingia tena na spana uhakikishe lokinati zote mbili bado zimekaza. Ikifika kilomita 500, pitisha kiganja juu ya matairi, nje kwenda ndani na ndani kwenda nje.